Mkono Ulioshika Msalaba

Imepokewa kwa wazee wetu katika imani, kinywa kwa kinywa, ya kwamba katika nchi ya Uhabeshi, zama zile ambazo wafalme wake walihama na mahema yao kutoka mlima hadi mlima, palikuwa na kasisi mmoja jina lake Habta-Wold. Alihudumu katika kanisa la Ambamaza, kijiji kilichokuwa juu mlimani, mahali pa baridi na mashamba ya shayiri. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke aliyeitwa Askala, na binti mmoja mdogo, Sosena. Mungu awarehemu wote.

Desturi ya watu wale ni kwamba kasisi hatembei bila msalaba wa mkononi. Akikutana na mtu njiani, mtu huyo huinama, naye kasisi humgusisha msalaba kwenye paji la uso, kisha midomoni, mtu akaubusu na kwenda zake. Hata habari za asubuhi haziulizwi kabla ya hapo. Msalaba wa Ambamaza ulikuwa wa mti wa mzeituni, urefu wake kiganja na nusu, nao ulikuwa umekolea weusi kwa siagi, maana wanawake wa huko hupaka siagi nywele zao, na kila aliyeinama aliuachia kidogo. Habta-Wold aliupokea kwa kasisi aliyemtangulia, na yule kwa aliyemtangulia yeye, mpaka huko ambako hakuna ajuaye tena majina.

Wala tusimfichie aibu yake mja huyu mwema: alikuwa anaupenda mkono wake. Watu walisema kwamba msalaba ukiwa mkononi mwa Habta-Wold hautetemeki, na kwamba ukikugusa kichwa kinatulia. Maneno hayo aliyasikia, na alipenda kuyasikia. Ni udhaifu mdogo tu, na wengi wetu tunaomcheka tuna mkubwa kuliko huo.

Ikawa Jumapili moja, siku ishirini na sita kabla ya sikukuu ya Kuupata Msalaba, kasisi alikuwa akizunguka madhabahu na kufukiza ubani. Mnyororo wa chetezo ulinasa kwenye pazia, kifuniko kikafunguka, na kaa la moto likaruka likatua juu ya mkono wake wa kulia, karibu na kidole gumba. Habta-Wold hakujua. Aliendelea na sala yake kwa utulivu, akasikia harufu ya ngozi inayoungua, akadhani ni utambi wa taa unaoteketea.

Shemasi wake, Lisanu, ndiye aliyemwonyesha. Lisanu alikuwa mtu mzima, mwaminifu, mchapa kazi, na kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni ulimi.

“Abba,” alinong’ona, “tazama mkono wako.”

Kasisi akatazama. Kaa lilikuwa limetulia pale kama limewekwa kwenye jiko. Alikung’uta mkono, kaa likaanguka, na chini yake palikuwa na kidonda chekundu chenye ukingo mweusi.

“Hukuhisi kitu?” Lisanu aliuliza.

“Sikuhisi.”

Hilo lilikuwa kweli. Lakini Lisanu alipiga magoti palepale penye majivu, macho yamejaa machozi. “Mungu amekukinga na moto,” alisema, “kama alivyowakinga wale vijana watatu katika tanuru.”

Habta-Wold alifungua kinywa amjibu, kisha akakifunga. Ndugu zangu, kinywa kile kilipofungwa ndipo taabu yote ilipoanza.

Kwa sababu yeye alijua. Alipokuwa kijana, mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliweka kiganja juu ya chuma cha kuokea mkate, akacheka na kusema kwamba siku hizi hasikii joto. Watu wa nyumbani walicheka pamoja naye. Mwaka haukuisha, mabaka yakamtoka mwilini, na wazee wakamvusha kijito.

Kuvushwa kijito ndiyo ilikuwa hukumu ya wenye ukoma pale Ambamaza. Chini ya kijiji kulikuwa na kijito chembamba ambacho mtu mzima angekiruka kwa hatua mbili, na ng’ambo yake kulikuwa na vibanda. Aliyevushwa hakurudi. Ndugu zake walimwekea chakula juu ya jiwe na kuondoka kabla hajafika. Siku hizi ugonjwa huo una dawa, sifa ni za Mungu, na mtu hutibiwa akiwa kwake. Zama zile watu hawakuwa na dawa wala elimu yake, walikuwa na hofu tu, na hofu yao waliifanya kuwa sheria.

Siku ile ile, alipobaki peke yake, kasisi alichukua mwiba wa mgunga akajichoma. Kwenye mkono wa kushoto aliruka. Kwenye mkono wa kulia aliuzamisha mwiba mpaka damu ikatoka, na ilikuwa kama anachoma mkono wa mtu mwingine. Alipandisha mkono wa kanzu akaona juu ya kifundo baka jeupe, lenye ukubwa wa jani la mwarobaini. Aliliona pia mwezi uliopita, akajiambia ni ukavu wa ngozi. Sasa hakuweza kujiambia hivyo. Alikaa chini ya ukuta wa kanisa, na alichowaza kwanza, Mungu amsamehe, ni kwamba hakuna aliyemwona.

Aliufunga mkono kwa kitambaa cheupe, kuficha kidonda na kuficha baka.

Hapo ndipo ulimi wa Lisanu ulipofanya kazi. Kabla ya Jumatano Ambamaza yote ilijua kwamba moto haumuunguzi Abba Habta-Wold. Kabla ya Jumapili vijiji vya bondeni vilijua. Kitambaa nacho kikapata maelezo yake: ati kasisi ameufunga mkono kwa unyenyekevu, ili watu wasiuone muujiza wakamsifu yeye badala ya Mola. Watu waliokuwa wakiridhika kuubusu msalaba mara moja kwa juma wakaja kila siku. Waliubusu msalaba, kisha, kabla hajauondoa, wakakibusu na kitambaa.

Jamani, mfikirieni mtu huyo. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa kanisa, na kila paji la uso lililoinama mbele yake lilimpiga moyoni. Huyu ni mjane mwenye watoto watano. Huyu ni bwana harusi wa juzi. Huyu ni kikongwe ambaye hata kikohozi kingemmaliza. Alijaribu kuushika msalaba kwa ncha za vidole, mbali na kitambaa, lakini vidole vyenyewe havikuwa na habari na alichokishika, na mara mbili nusura audondoshe. Siku moja aliuhamishia mkono wa kushoto. Mzee mmoja wa kijiji, mkali kidogo, alikataa kuinama.

“Abba, wanipa mkono wa kushoto kwa kosa gani?” aliuliza. “Kama nimekukosea niambie mbele ya hawa watu.”

Kasisi akaurudisha msalaba mkono wa kulia, na mzee akabusu akaenda zake ameridhika.

Nyumbani hali haikuwa bora. Alimwambia mkewe kwamba amejiwekea mfungo maalumu wa kujiandaa na sikukuu, kwa hiyo atalala jikoni. Alikula kwenye sahani yake peke yake, jambo ambalo kwa Wahabeshi ni kama matusi, maana wao huketi kulizunguka sinia moja na kulishana kwa mkono. Sosena alizoea kulala juu ya mkono wa baba yake akihadithiwa hadithi. Alipomkimbilia, baba alirudi nyuma, mtoto akasimama katikati ya chumba hajui afanye nini na mikono yake.

“Baba Sosena,” Askala alimwambia siku moja, “mimi nimekukosea nini?”

“Hujanikosea.”

“Mtoto je?”

“Ni mfungo tu, mke wangu. Sikukuu ikipita.”

Askala alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alijua mume wake anavyofunga. Alichukua sahani ile akaenda kuiosha.

Sikukuu ikipita. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na sote tunalijua, kila mmoja kwa jina la sikukuu yake. Alijiambia kwamba kijiji hakina kasisi mwingine. Akiondoka sasa, nani atawazika wafu, nani atawaungamisha wagonjwa? Alijiambia huenda si ukoma. Alijiambia kwamba Mungu aliyeruhusu kaa lianguke anaweza kuliondoa baka pia, na aliomba sana juu ya hilo, akilala kifudifudi sakafuni, na kila alipoinuka alipandisha mkono wa kanzu kutazama. Baka lilikuwa limekua.

Mara moja alijaribu. Tumpe haki yake, alijaribu. Alimwita Lisanu pembeni walipokuwa wakikunja mavazi ya ibada, akamwambia, “Lisanu, mimi ni mgonjwa.”

“Sote ni wagonjwa, Abba,” Lisanu alijibu, na akainamisha kichwa. “Watakatifu wote husema kama wewe.”

Kasisi alikuwa na nafasi ya kusema neno moja zaidi. Hakulisema. Alikunja vazi lililobaki akaliweka sandukuni.

Kulikuwa na mama mmoja kijijini, jina lake Walansa. Alikuwa amezaa watoto watatu na kuwazika wote watatu, hakuna aliyefika siku ya arobaini, ambayo ndiyo siku ya kubatizwa mtoto wa kiume. Sasa alikuwa na wa nne. Siku yake ya arobaini iliangukia siku yenyewe ya sikukuu ya Msalaba, na Walansa aliona ni dalili njema, lakini hofu ilikuwa haimwachi. Alikuwa hapitishi nusu saa bila kuweka sikio kwenye pua ya mtoto asikie kama anapumua.

Juma moja kabla ya sikukuu alimjia kasisi. “Abba,” alisema, “nina ombi, na naona haya kulisema.”

“Sema, mwanangu.”

“Ule uzi wa ubatizo.” Wakristo wa nchi ile, mtoto akibatizwa, hufungwa uzi shingoni, akavaa mpaka kufa, uwe alama kwamba ni wa Kristo. “Nataka uzi wa mwanangu usokotwe kutoka kwenye kitambaa cha mkono wako. Hata kipande kidogo. Wale watatu hawakufika hata kufungwa uzi.”

Habta-Wold aliurudisha mkono nyuma ya mgongo. “Haiwezekani,” alisema.

“Kipande ambacho umekitupa, Abba.”

“Nimesema haiwezekani. Usikiguse kitambaa hiki, wala usiruhusu mtu akupe.” Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

Walansa aliinama mpaka chini. “Basi ni dhambi zangu,” alisema. “Nilijua.” Akaondoka huku amemkumbatia mtoto wake kana kwamba kuna anayemnyang’anya. Kasisi alitaka kumwita. Angemwita amwambie nini? Alimwacha aende na mzigo usio wake, na jambo hilo lilimla roho kuliko yote yaliyotangulia.

Ikafika siku ya sikukuu. Mvua zilikuwa zimekwisha, majani yako juu, na vilima vimejaa maua ya manjano ambayo huko huchanua msimu huo tu. Kuni za moto wa sikukuu zilikuwa zimesimamishwa uwanjani. Watu walikuja kutoka vijiji saba, wengi kuliko mwaka wowote, kwa ajili ya kasisi asiyeungua. Alikuja pia kasisi mmoja mzee wa kijiji jirani, ambaye kila mwaka alikuja kusaidia ibada. Habta-Wold hakuwa amekula tangu juzi, na safari hii alikuwa anafunga kweli.

Ubatizo ulitangulia ibada. Beseni la maji liliwekwa mlangoni pa kanisa ili watu wote waone. Walansa alikuja na mtoto wake uchi mikononi, mumewe ubavuni, na Lisanu akatoa sahani ndogo yenye mafuta na uzi.

Kasisi aliutazama ule uzi. Nyuzi za ubatizo husokotwa za bluu au nyeusi. Huu ulikuwa mweupe, umesokotwa na mkono usiozoea, na mahali pamoja palikuwa na doa la hudhurungi, kama dawa ya mitishamba iliyokauka. Alilijua doa lile. Alikuwa amelitia mwenyewe siku kumi zilizopita alipokuwa akikiganga kidonda.

“Umetoa wapi?” alimwuliza Lisanu kwa sauti ya chini.

Lisanu alitabasamu kwa aibu. “Nisamehe, Abba. Ulipobadilisha kitambaa nilikiokota kile cha zamani. Mama wa watu alikuwa analia kila siku. Unyenyekevu wako usimnyime baraka.”

Mtoto alikuwa ameanza kulia kwa baridi. Walansa alimnyoosha mbele, na macho yake yalikuwa juu ya uzi ule kama macho ya mtu aliyepewa shamba. Ilibaki kitambo kidogo tu: kumpokea mtoto, kumzamisha, kumfunga. Watu wa vijiji saba walikuwa wakitazama. Habta-Wold alimwona Askala upande wa wanawake, amemshika Sosena mkono. Akawaza, nikisema sasa sitawagusa tena hawa wawili maisha yangu yote.

Alirudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye beseni.

“Mtoto huyu nisipewe mimi,” alisema. “Walansa, usimfunge uzi huo. Utupe motoni, kisha unawe mikono. Na ninyi nyote nisikilizeni.” Alifungua kitambaa, zunguko baada ya zunguko, akapandisha mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko na kuuinua mkono wake juu. “Moto haukunikwepa. Kaa lile liliniunguza kama lingemuunguza yeyote, tazameni kidonda. Sikuhisi kwa sababu mkono huu umekufa ganzi. Mjomba wangu alianza hivi, na wengine wenu mnamkumbuka. Mimi nina ukoma.”

Watu wakaanza kurudi nyuma, waliokuwa mbele wakiwakanyaga wa nyuma. Wengine walijifuta midomo kwa shuka zao, wakajifuta tena. Yule mzee mkali wa kijiji ndiye aliyepaza sauti.

“Tangu lini umejua?”

“Tangu siku ya kaa.”

“Ni siku ngapi?”

“Ishirini na sita.”

“Na siku zote hizo ulituacha tubusu.”

“Niliwaacha,” alisema Habta-Wold. “Sikuwa na sababu ila hofu. Niliwapenda kidogo kuliko nilivyojipenda. Nawaomba msamaha, na sina haki ya kuupata.”

Lisanu alikuwa amekaa chini, sahani imepinduka, anajipiga kifua. Walansa hakupiga kelele. Aliuokota ule uzi kwa kijiti, akautupa kwenye makaa ya chetezo na kuutazama mpaka ulipokwisha, kisha akampelekea mtoto wake yule kasisi mzee wa kijiji jirani. Mtoto akabatizwa, akafungwa uzi ambao mama yake aliuchomoa kwenye pindo la shuka lake mwenyewe. Wanasema alipokuwa anaondoka alisimama mbali na Habta-Wold, akamwinamia, kisha akaendelea na njia yake.

Askala aliwapita wanawake akasogea mpaka hatua nne hivi kutoka kwa mumewe.

“Ndiyo maana ulilala jikoni,” alisema.

“Ndiyo maana.”

“Ungeniambia. Nimekaa siku ishirini na sita nikidhani umenichoka.”

Wote wawili walilia, kila mmoja amesimama mahali pake, na Sosena akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Wazee hawakusubiri moto wa sikukuu. Walimtangulia kwenye njia ya kijitoni, wakiwa na fimbo ndefu za kuzuia watu wasimkaribie, naye akawafuata bila kitu mikononi. Msalaba alikuwa ameuacha juu ya jiwe la mlangoni pa kanisa, akisema moyoni mwake kwamba wao watabaki nao, na kwamba hilo ndilo jema la mwisho awezalo kuwafanyia. Alivuka maji. Askala alisimama ukingoni na mtoto, mpaka wazee walipowarudisha nyumbani.

Habta-Wold alikuwa bado yupo pale, amekipa kijiji mgongo, aliposikia watu wanashuka tena. Alipogeuka alimwona Lisanu. Shemasi alikuwa amebeba kitu kwa magome mawili ya mti, mikono yake ameinyoosha mbali na mwili, uso umemvimba kwa kulia.

“Wazee wamesema hauwezi kukaa kanisani, Abba,” alisema. “Hakuna anayethubutu kuugusa. Wengine walitaka uchomwe. Nisamehe.” Akaurusha. Msalaba ulipita juu ya maji, ukaanguka ng’ambo, penye matope ambapo wenye ukoma huteka maji. Lisanu akakimbia kupanda mlima.

Kutupwa kwake mwenyewe Habta-Wold alikuwa amekustahimili. Hili lilimshinda. Msalaba ule ule, ambao asubuhi watu walikuwa wakisukumana waufikie, ulikuwa umelala ubavu katika matope, na hakuna aliyegeuka nyuma. Aliketi chini akalia kwa sauti, na katika kilio chake mlikuwa na hasira.

Kikongwe mmoja alitoka katika vibanda, akitembea kwa visigino, maana vidole vya miguu hakuwa navyo. Aliitwa Bibi Yeshi, na alikuwa mkubwa wa watu wa pale.

“Unalia nini, mwanangu?” aliuliza.

“Wameutupa msalaba, Bibi.”

“Nimeona. Nilikuwa mlangoni.” Aliketi taratibu karibu naye. “Mimi nina miaka kumi na tisa hapa. Kila mwaka siku kama ya leo nasikia ngoma za huko juu. Nimemwomba Mungu kila mwaka auteremshe mpaka huku, niubusu mara moja kabla sijafa. Makasisi wawili wamekufa huko juu, na wewe ni wa tatu kuhudumu. Hakuna aliyeuleta.”

Habta-Wold aliinamisha kichwa. Miaka yote aliyohudumu, wazo la kuvuka kijito na msalaba halikuwahi kumjia. Alisoma kila mwaka, kwa sauti nzuri, jinsi Mwokozi alivyotolewa nje ya lango la mji, akatundikwa huko nje pamoja na waliohukumiwa. Alisoma na kufunga kitabu.

“Sikuuleta,” alisema. “Ni kweli.”

“Basi leo msalaba umekuja. Usiulilie. Hata mwenyewe Bwana hakuuendea kwa matarumbeta. Alisukumwa, akapigwa, akatupwa huko ambako watu safi hawakanyagi. Kama angebaki ndani ya mji anaheshimiwa, sisi wa huku tungemwona wapi?” Alinyoosha mikono yake miwili, ambayo ilikuwa imebaki viganja tu. “Niokotee. Mimi siwezi kushika.”

Kasisi aliingia matopeni akauokota msalaba, akausuuza majini na kuufuta kwa kanzu yake. Wengine walikuwa wameshatoka vibandani, wapata kumi na wanane, wanamtazama. Alisita, hajui aushike kwa mkono upi.

“Wa kulia,” Bibi Yeshi alisema. “Kwani hapa unamficha nani?”

Akaushika kwa mkono wa kulia, mkono mtupu wenye kidonda na baka, akakaza macho ili aone kama vidole vimeshika, kwa kuwa havikuweza kumwambia. Mkono ulitetemeka sana. Kikongwe akaweka paji la uso wake pale, kisha midomo, na akakaa hivyo kwa muda mrefu, hakuna aliyemharakisha.

Wasimulizi wanasema Habta-Wold aliishi ng’ambo ile miaka kumi na miwili, akiwahudumia, akawazika wengi, na Bibi Yeshi akiwa wa kwanza. Hawasemi kwamba alipona. Wanasema pia kwamba Ambamaza walijichongea msalaba mpya, mzuri, wa shaba, na kwamba mwaka wa pili, siku ya sikukuu, Walansa alishuka mpaka ukingoni mwa kijito na mtoto wake mgongoni, Askala na Sosena pamoja naye, wakainama kuelekea ng’ambo. Mwaka wa tatu Lisanu alishuka nao. Kisha wengine wakafuata, mpaka ikawa ndiyo njia ya maandamano ya kijiji, naye Habta-Wold akauinua msalaba kule ng’ambo, kwa mkono wake wa kulia, juu ya vichwa vya wote.

Enyi ndugu, sisi pia tunaubusu msalaba. Tunauvaa shingoni, tunautundika sebuleni, na kama kuna vumbi tunaufuta. Hayo ni mema, na tusiyaache. Lakini wenzetu hao walitufundisha kwamba msalaba haukupewa waumini uwakinge wasiguswe na taabu ya mtu. Ulisimamishwa nje, kwa waliofukuzwa, na anayeutaka atausogelea huko, na huenda akafika akiwa analia, kama alivyofika mja huyu. Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kusema hali yetu kabla ya siku ya ishirini na sita, na atusamehe kwa kila jirani ambaye tumesikia yuko ng’ambo na hatujavuka kumwendea.